Kazi Nyepesi: Ihsani au Adhabu?

Katika mashamba ya mkonge yaliyotandaa baina ya Tanga na Korogwe, na katika viwanda vinavyosokota singa zake kuwa kamba na nyuzi, iko kadhia moja ambayo aghalabu hukatwa kwa kunyamaziwa. Mtu huugua au hujeruhiwa, hukaa nje ya kazi miezi mitatu, minne au sita, kisha asubuhi moja huonekana getini ameshika karatasi ya daktari, na hapana ajuaye la kumfanya. Msimamizi amekwisha kuweka mtu mwingine kwenye mashine yake, wenzake wamekwisha kuzoea kutomwona, na karatasi yenyewe, baada ya safari zote zile za hospitali, huwa imeandikwa maneno mawili tu, "kazi nyepesi", yasiyosema nyepesi kwa kiasi gani, kwa muda gani, wala kwa ujira upi.

Nimeona afadhali jambo hili lisemwe na wale linaowagusa kuliko kusemwa na mimi peke yangu, na kwa hiyo nimewakalisha barazani watu watano. Sikuwapa majina, kwa kuwa ni sauti ambazo kila aliyeishi karibu na korona, kama inavyoitwa huku mitambo ya kuparua majani ya mkonge, atazitambua mara moja. Yupo Mnyapara, mzee aliyestaafu baada ya kusimamia watu aushi yake yote. Yupo Meneja wa Utumishi, kijana mwenye elimu na lugha laini. Yupo Muuguzi wa zahanati ya kiwanda. Yupo Mjumbe wa tawi la chama cha wafanyakazi, mtu mwepesi wa kudhani mabaya, na mara nyingi dhana yake husadifu. Na yupo Msokotaji, mwanamke aliyerejea kwenye mashine za nyuzi baada ya kutibiwa kifua kikuu. Swali nililowatupia ni hili: mtu aliyekosekana kazini muda mrefu arejeshwe mapema, kidogo kidogo, ilhali afya yake haijatimia, au aachwe nyumbani hata awe mzima wa kuifanya kazi yake yote? Mimi nimejitwalia kazi ya katibu, pamoja na haki ya kutia neno pale panaponiwasha.

MNYAPARA: Hadhirina, nitasema neno gumu mapema tusije tukadanganyana kwa heshima. Mtu asiye mzima hana kazi korona. Baba yangu alitoka bara akaja huku akiwa manamba, yaani kibarua wa kuandikishwa kutoka mbali, akapewa kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyofanya kazi ilitiwa alama, na siku aliyougua haikutiwa kitu, wala hapakuwa na mtu wa kumwuliza alilala wapi au ameamkaje. Ilikuwa dhuluma, siitetei. Walakini ndani ya dhuluma ile palikuwa na jambo moja lililo wazi, kwamba aliyekuja kazini alikuja kufanya kazi, na aliyekuwa mgonjwa alikuwa mgonjwa. Ninyi mmezusha mtu wa tatu, asiye mgonjwa wala mzima, na mtu huyo mnamkabidhi kwa mnyapara. Majani ya mkonge hupangwa kwa mikono juu ya mnyororo unaoyapeleka kwenye ngoma za kuyaponda na kuyaparua, na ngoma zile hazimwulizi mtu kama dawa alizomeza alfajiri zimemletea kizunguzungu. Nimemwona kwa macho yangu mtu aliyerudi na mgongo mbovu, akapewa kuinua matita kwa sababu siku ile watu walikuwa wachache, akaanguka tena, na mara ya pili hakurudi. Mwacheni apone.

MENEJA: Mzee wangu, neno lako nimelipokea kwa taadhima, nami naomba nilijibu kwa hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu. Mtu aliyelala kitandani mfululizo huianza nusu hiyo baada ya miezi miwili na siku chache, na baada ya miezi minne na kitu hana tena siku za kudai mpaka mzunguko mpya uanze. Basi unaponiambia mwacheni apone, mimi nakuuliza, apone akila nini? Nimewaona watu wakimsihi daktari awaandikie kwamba ni wazima hali wakichechemea, si kwa kuwa wanapenda kazi kuliko roho zao, bali kwa kuwa nusu ya mshahara imekwisha kuingia nyumbani na karo za watoto hazikukatwa nusu. Huyo atarudi utake usitake, na atarudi akiuficha ugonjwa wake. Afadhali arudi kwa mlango ulio wazi, saa nne kwa siku, tukijua anachoweza na asichoweza.

MJUMBE: Bwana Meneja amesema kweli nusu, na nusu nyingine ameiacha mfukoni. Kuna wagonjwa wawili kiwandani: aliyeumizwa na mashine na aliyeumizwa na dunia. Wa kwanza analindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008 ukaanza kazi mwaka 2015. Akishindwa kufanya kazi kwa muda, hupata asilimia 70 ya mapato yake ya mwezi, na kwa muda unaoweza kufika miezi 24; tena sheria ile inataja utengamao, yaani kumsaidia mtu arudie kazi na maisha yake, si kumtupia fedha tu akatafute njia. Kabla ya hapo tulikuwa na sheria ya kikoloni, ambayo kwa kupotewa na uwezo wote wa kufanya kazi maisha yake ilimhesabia mtu kiasi kisichozidi shilingi 108,000. Wapo waliopoteza vidole wakazichukua fedha zile kwa mkono uliosalia, zikaishia kwenye nauli. Huyo ndiye mgonjwa wa kwanza. Wa pili, mwenye figo, mwenye kisukari, aliyeanguka na pikipiki Jumapili, hana ila siku zake 126. Nami ninapomsikia mwajiri akisema "arudi mapema kidogo kidogo", kwanza hutazama ni mgonjwa yupi anayemwita, na ni nani atakayepumzika kulipa.

MENEJA: Ndugu yangu, hiyo si insafu. Ujerumani tangu mwaka 2004 mwajiri ambaye mfanyakazi wake amekosekana kwa ugonjwa zaidi ya wiki sita katika miezi 12, ziwe zimefuatana au zimekatikakatika, sharti amwendee, na kwa ridhaa ya mfanyakazi mwenyewe wakae washauriane ni kwa njia gani ugonjwa utashindwa na kazi isipotee. Hapana aliyesema kwamba sheria ile ni hila ya kubana matumizi.

MNYAPARA: Wajerumani hao si ndio waliotuletea huu mkonge?

Ndio. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikasalimika 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka katika hiyo 62 likatoka shamba lote hili. Fikira ya kukaa na mgonjwa na kumsikiliza haikuwamo katika shehena ile; hata huko kwao iliwachukua zaidi ya karne moja kuitia katika sheria, na kwa hiyo sisi hatuna sababu ya kuona haya kwamba tunaijadili leo.

MUUGUZI: Mabwana, mmebishana kana kwamba kupona ni chumba kimoja na kazi ni chumba kingine, na mtu hawezi kuingia cha pili asipotoka cha kwanza na kufunga mlango nyuma yake. Maungo hayaendi hivyo. Mgonjwa wa mgongo akilazwa kitandani wiki baada ya wiki, misuli hulegea, hofu hukua, na kila siku inayopita humwongezea kusitasita. Huko Quebec, Kanada, Patrick Loisel na wenzake walichapisha mwaka 1997 uchunguzi juu ya wafanyakazi wenye maumivu ya mgongo waliokosa kazi zaidi ya wiki nne. Baadhi yao walitibiwa kama kawaida. Wengine walitibiwa, na juu ya tiba wakafuatwa na mtaalamu mpaka mahali pao pa kazi, ambako walikaa mgonjwa, msimamizi na wawakilishi wa wafanyakazi, wakaitazama kazi yenyewe na kuamua kipi kibadilishwe. Kundi hilo la pili lilirudia kazi yake ya kawaida kwa wepesi uliozidi mara mbili wa lile la kwanza. Angalieni: hawakupewa tiba peke yake. Walipewa na mtu wa kwenda kutazama kazi.

MNYAPARA: Na huku nani huenda kutazama kazi?

MUUGUZI: Hapana mtu. Na hilo ndilo linalonichoma. Daktari anayeandika karatasi ya ED, ile ya kumpumzisha mgonjwa kazini, pale hospitalini hajapata kuiona korona, wala chumba cha brashi, wala hajui kwamba mtu wa kufunga marobota huinama mara ngapi kwa saa. Ataandika nini ila "kazi nyepesi"? Uingereza mwaka 2010 waliibadili karatasi yao. Zamani ilisema ama mtu asifanye kazi ama hana haja ya kuiacha. Sasa daktari aweza kusema kwamba huenda mtu huyu akafaa kufanya kazi, ikiwa atarudi kwa awamu, au saa zake zitabadilishwa, au kazi zake zitabadilishwa, au mahali pake patatengenezwa. Ni mambo manne tu, wala hayakuhitaji mashine mpya. Mimi nataka zaidi ya hapo: mgonjwa akienda kliniki aende na karatasi kutoka kwetu inayosema kazi yake ni kusimama saa ngapi, kuinua kilo ngapi, na kuvuta vumbi kiasi gani. Daktari ajibu hayo. Jina la ugonjwa abaki nalo yeye na mgonjwa wake.

Hapo Msokotaji, aliyekuwa amekaa pembeni akisikiliza, aliinua uso. Nimeazimia kumwachia nafasi ndefu kuliko wengine, kwa sababu katika mjadala wa namna hii yeye peke yake ndiye aliyepita njia inayozungumzwa.

MSOKOTAJI: Mama Muuguzi ametaja jina la ugonjwa, na mimi nitaanzia hapo. Nilipoipeleka karatasi yangu ofisini, karani aliisoma kwa sauti, kwa kuwa mwandiko ulimsumbua, na kabla sijafika nyumbani mtaa wote ulijua. Matibabu ya kifua kikuu ni miezi sita: miwili ya mwanzo kwa dawa nyingi, minne kwa dawa chache zaidi. Zilipopita wiki za mwanzo na makohozi yakapimwa, kliniki waliniambia kwamba siambukizi tena mtu, nami nikaamini; ila wenzangu hawakuwapo kliniki. Siku ya kurudi nilikuta kikombe changu cha chai kimetengwa juu ya dirisha. Hapana aliyenitukana. Walikuwa wapole mno, wakinipisha njia kwa upana ambao hata bibi harusi hapishwi.

Basi msimamizi, naye ni mtu mwema, akaniambia, "Dada, wewe usirudi mashineni, chukua kazi nyepesi," akanipa ufagio nikafagie sakafu chini ya mashine. Mabwana, ninyi mnaijua sakafu ile. Vumbi lote la singa linaloanguka kutoka juu hulala pale, na anayefagia hulipandisha na kulivuta. Mtu aliyetoka kuponywa mapafu alipewa vumbi kwa huruma. Nikafagia. Mwezi wa kwanza nikakosa bonasi, kwa kuwa mfagiaji hana uzi wa kupimwa. Mwezi wa pili kijana aliyeshika mashine zangu akazoea, na nilipouliza nitarudi lini, niliambiwa, "Pumzika tu, huna haraka." Mimi nilikuwa nikisimamia mashine mbili. Kama mtu angeniuliza, ningemwambia: nipe moja. Ningeisimamia ile moja wiki nne, ningepimwa kwa uzi wa ile moja, na siku niliyojisikia ningeomba ya pili. Lakini hapana aliyeniuliza. Kila mtu alikuwa na hakika ya kinachonifaa.

MNYAPARA: Mwanangu, huyo msimamizi alikuogopea.

MSOKOTAJI: Najua, mzee wangu. Ndiyo maana nilishindwa hata kumgombeza.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha kadhia, na pande zote mbili za swali langu zimekikosa, kwa kuwa moja imeuliza lini na nyingine imejibu lini, ilhali ugumu uko katika kazi gani. Tumeifanya kazi nyepesi kuwa mahali, getini, uani, ufagioni, penye kiti cha kudumu, badala ya kuwa kazi ya mtu yuleyule iliyopunguzwa kipimo kwa muda unaojulikana mwisho wake. Chombo kilichopandishwa pwani kikakaa miezi juani hakishushwi majini na kutwekwa tanga siku ileile, kwa kuwa mbao zimenywea na maji yatapenya kila mahali. Huachwa kwanza mahali penye maji machache, mbao zinywe na kuvimba hata nyufa zizibe. Ila sijapata kumwona nahodha ambaye kwa kukihurumia chombo chake amekigeuza kuwa banda la kuku. Mfanyakazi aliyeng'olewa katika ufundi wake akapewa ufagio hakurudi kazini. Amerudi katika eneo la kiwanda tu, na tofauti ya hayo mawili yeye huihisi kila saa kumi ya jioni uzi wa wenzake unapopimwa.

Mjumbe alikubali, ila alitaka jambo hilo lisiachwe juu ya wema wa watu, akaikumbusha baraza kwamba Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zimemtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa ugonjwa au majeraha, atazame chanzo chake, ukubwa wake, kama ni cha muda au cha kudumu, na kama kazi yaweza kurekebishwa imfae au apatiwe nyingine. Na kwamba aliyeumia kazini mzigo wa mwajiri juu yake ni mzito zaidi. Meneja akajibu kwamba anazijua, na kwamba ofisi nyingi huzisoma pale tu wanapotaka kumwondoa mtu, ili barua ya kuachishwa isije ikaangushwa na wasuluhishi. Nilimstahi kwa kulisema hilo mbele ya Mjumbe.

Juu ya wazazi, ambao nao hukosekana kazini kwa muda kisha hurejea, hatukukawia. Mnyapara alisema mama mzazi si mgonjwa, na kweli si mgonjwa. Likizo yake ni siku 84, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, hurejea kwa masharti yaleyale ya kazi, na hupewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kenya nayo, katika sheria yake ya ajira ya mwaka 2007, imesema wazi kwamba mama arejee kwenye kazi aliyoiacha au nyingine inayomfaa ambayo masharti yake si duni kuliko ya ile. Ajabu ni kwamba kwa mama mzazi sheria imeifikiria hata siku ya kurudi na saa zake, ikamkatia kazi kwa kipimo bila mtu yeyote kuona kwamba amependelewa, na kwa mwingine aliyekaa kitandani muda uleule ikamhesabia siku za kutokuwapo na kumwachia getini. Yanayowezekana kwa yule hayana sababu ya kushindikana kwa huyu.

Palipo pagumu zaidi ni kwenye magonjwa ya akili. Mnyapara alisema wazi kwamba mtu aliyepata kupotewa na fahamu hatamweka karibu na ngoma, na hapana aliyemlaumu. Muuguzi alimjibu kwa mfano wa karibu.

MUUGUZI: Mzee, hapo milimani Korogwe, Lutindi, ipo hospitali inayowatunza wagonjwa wa akili tangu mwanzo wa karne ya 20. Pale kazi ni sehemu ya tiba. Wagonjwa hushughulika na chai, na mashamba, na ufundi, kila mtu kwa kadiri yake, na mwangalizi yuko karibu. Hawaambiwi wapone kwanza ndipo washike jembe. Sasa mtu huyo akitoka Lutindi, ambako alikuwa akiaminiwa na kazi akiwa mgonjwa, huteremka kwetu akiwa na nafuu, nasi tunamnyima kazi. Sisemi umweke kwenye ngoma. Nasema ziko kazi hamsini kabla ya ngoma, na umwulize yeye na mimi ni ipi.

MNYAPARA: Na akiharibikiwa tena?

MUUGUZI: Basi atakuwa ameharibikiwa mbele ya watu wanaomjua, saa tatu ya asubuhi, zahanati ikiwa hatua mia mbili. Nyumbani angeharibikiwa peke yake.

Tukaja kwenye habari ya kumjulia hali mtu angali nyumbani, na hapo nikashangaa kuona jinsi kimya kinavyoweza kuzaliwa kwa adabu. Meneja alisema ofisi yake humwachia mgonjwa nafasi, isije ikaonekana inamwandama. Mjumbe alisema simu ya ofisi ikimfikia mgonjwa, jambo la kwanza analofikiri ni kwamba anafukuzwa. Msokotaji akasema, kwa upole, kwamba katika miezi yote ile mtu mmoja tu wa kiwandani alifika kwake, mwenzake wa zamu, akaleta sukari na sabuni na habari kwamba mashine namba fulani imepata fundi mpya. Na kwamba habari ile ya mashine ilimfurahisha kuliko sukari. Muuguzi akashauri kwamba siku mtu anapoanza likizo ndefu aulizwe yeye mwenyewe angependa nani amletee habari za kazini, na mara ngapi, na huyo apewe ruhusa na nauli. Hapana aliyepinga, isipokuwa Meneja aliuliza nauli ni ya nani, akaambiwa kwa kauli moja kwamba ni ya ofisi.

Nilidhani tumefika. Mnyapara alikuwa bado.

MNYAPARA: Mmesema mengi mazuri, nami si jiwe. Sasa niwaambie lile ambalo wanyapara hawalisemi mbele ya wakubwa. Kikundi changu kilikuwa cha watu kumi. Kiwango cha kikundi kilihesabiwa kwa watu kumi. Mkinirudishia mtu wa nusu, karani bado ananihesabia kumi, na upungufu wake unakatwa katika bonasi ya wale tisa. Wiki ya kwanza watamvumilia, kwa kuwa wamekula naye. Wiki ya pili wataanza kuhesabu. Wiki ya tatu atasikia maneno, na wiki ya nne ataomba mwenyewe ufagio. Mnanilaumu mimi kuwa mgumu wa moyo, na ugumu wenyewe umeandikwa katika daftari la karani. Mtu huyo mtoeni katika hesabu yangu, wekeni tisa, naye awe juu ya tisa. Hapo nitampokea hata akija na mkono mmoja, na wale tisa watampokea, kwa kuwa kila uzi atakaousokota utakuwa nyongeza.

Pakawa na kimya cha watu wanaopiga hesabu. Sheria zote tulizozitaja, na utafiti wa Quebec, na karatasi ya Waingereza, havikuwa vimeligusa daftari hilo, nami sikuona aibu kwamba limeguswa na mtu ambaye mwanzoni nilimdhania kuwa adui wa hoja.

MENEJA: Mzee, jambo hilo laweza kufanyika. Kwa wiki sita.

MJUMBE: Kumi na mbili.

MENEJA: Ndugu, wiki kumi na mbili za mtu asiyehesabiwa ni gharama ambayo siwezi kuiahidi nikiwa barazani.

MJUMBE: Gharama hiyo ipo leo, Bwana, wanailipa wale tisa. Tunaloomba ni ihamie kwako. Nami sitaki iwe ahadi ya barazani. Iingie katika mkataba wa hali bora utakapofunguliwa, kifungu chake peke yake: kwamba aliyekosekana kwa ugonjwa zaidi ya wiki sita arudi kwenye kazi yake mwenyewe iliyopunguzwa kipimo, kwamba apimwe kwa kipimo hicho kilichopunguzwa na bonasi yake ifuate, kwamba asiingie katika hesabu ya kikundi mpaka muda uishe, na kwamba kipimo kipandishwe kwa shauri lake na la zahanati, si la msimamizi peke yake.

MSOKOTAJI: Na asipewe ufagio.

MENEJA: Kifungu cha mkataba hakiwezi kuandika habari za ufagio, dada yangu.

MSOKOTAJI: Kiandike kwamba kazi atakayopewa itazamwe kwanza na zahanati kama inaafikiana na maradhi yake. Ufagio utaanguka wenyewe.

MENEJA: Hilo naliandika.

MNYAPARA: Na yule aliyeko getini tangu mwaka juzi, aliyevunjika nyonga, anayeandika namba za magari? Alikuwa fundi wa brashi, na wakati wangu hapakuwa na fundi kama yeye.

MENEJA: Mkataba hautazami nyuma, mzee wangu. Huanza siku unapotiwa saini.

MJUMBE: Basi huyu atazamwe pasipo mkataba.

MUUGUZI: Nyonga yake mimi naijua. Kusimama kutwa hataweza, lakini kukaa na kunoa na kurekebisha brashi ataweza, na chumba hicho hakina fundi tangu mwezi wa Ramadhani. Nipeni kwanza orodha ya kazi za chumba kile, kilo zake na saa zake, nimpeleke nayo kliniki Alhamisi.

MENEJA: Orodha hiyo hatuna.

MNYAPARA: Chukua kalamu, nitakutajia.